Tupeane uzoefu: kanisani ulijiona si wa pale, nani alikusogelea?

Mgeni wa Mwanjelwa (mwanzisha mada)
Shalom wakuu. Nilihamia Mbeya kikazi mwezi Juni nikitokea Tanga, na asiyeijua baridi ya Juni ya huku asiombe kuijua. Jumapili ya kwanza kanisani likaja lile tangazo: wageni tunaomba msimame. Nikasimama, nikataja jina na nilikotoka, nikapigiwa makofi, kwaya ikaimba. Nikaketi moyo mweupe. Ibada ikaisha, kila mtu akashika njia yake. Jumapili tisa zilizofuata sikusemeshwa zaidi ya "Bwana asifiwe" ya kupishana mlangoni. Makofi nilishapewa, kazi ya kunikaribisha ikahesabika imekwisha.

Jumapili ya kumi kulikuwa na mnada wa sadaka za mazao. Mnaujua: mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo kafungwa miguu. Mimi nimejitenga kando ya tanki la maji, mfukoni nina nauli tu. Mzee mmoja akapandisha jogoo hadi 18,000, akashinda, kisha akasema kwa sauti, "Apewe yule kijana wa kwenye tanki." Watu wakacheka. Nikamfuata kumweleza kwamba nimepanga chumba kimoja, sina pa kumfuga wala sufuria ya kumtosha. Akasema, "Basi ataliwa kwangu, nawe utakuja kumla." Huu mwaka wa pili, chakula cha Jumapili nakula kwake. Nikikosa ibada mkewe ananipigia simu ya ukali kama niliyezaliwa naye.

Nataka yenu. Mahubiri tunayapata kila wiki, hapa leteni yaliyowakuta.

Ndaga Fijo
Mimi wa Tukuyu. Nilipata mimba nikiwa mwanakwaya, sijaolewa. Nikatengwa: kwaya basi, meza ya Bwana basi, nikahamia benchi la mwisho. Mwenzangu katika hilo kosa alikuwa anapiga kinanda ushirika wa jirani, na akaendelea kukipiga.

Utaratibu wa kanisa sikuupinga, nilijua nimekosa. Kilichonimaliza ni lile benchi. Linabeba watu wanane, nami nilikaa peke yangu na mtoto, huku watu wanabanana benchi la mbele yangu utadhani nyuma paa linavuja. Miezi minne hivyo. Siku moja mama mmoja wa umoja wa wanawake, tena wa kukaa mbele kabisa, akanyanyuka katikati ya wimbo na sare yake, akatembea kanisa zima hadi kwangu. Hakuniambia neno. Alimchukua mtoto, akambeba mgongoni kwake, tukaimba. Tangu nijifungue ilikuwa mara ya kwanza naimba wimbo mzima mikono ikiwa mitupu.

Wiki iliyofuata akaja na mwenzake. Nilipofika siku ya kusimama mbele ili nirudi kundini, benchi lilikuwa limejaa. Wengine wala hawakuja kwa ajili yangu, walikuwa wachelewaji tu wanaoogopa kupita mbele. Sikujali.

Mzee wa Zamu
Pole binti. Mimi ni mzee wa kanisa na hayo ya kutenga nimeyasimamia kwa miaka. Tulifundishwa kwamba aliyetengwa anafuatwa nyumbani hadi arudi. Nikijihesabu kwa haki, niliowafuata ni wachache kuliko niliowasoma majina madhabahuni. Na Wamoravian waliotuletea Injili, walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wageni hata salamu ya ugonile hawaijui. Tunalisahau hilo haraka. Habari ya mpiga kinanda imenikaa vibaya.

Tingo Mstaafu
Lori lilituharibikia Igawa Jumamosi usiku. Asubuhi nikasikia kengele, nikaenda na ovaroli langu la grisi. Aliyekuwa mlangoni akanielekeza benchi la nje, eti viti vimepakwa rangi juzi. Watoto wa shule ya Jumapili wakatoka wakanikuta, wakanizunguka. Mwalimu wao akaona isiwe taabu, akahamishia darasa pale pale.

Kikombe
Jina nililochagua lina sababu. Naishi Njombe na VVU. Huku kwetu si ajabu: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliukuta mkoa wetu na maambukizi zaidi ya watu wazima 12 katika kila 100, na hakuna mkoa uliotuzidi. Ungedhani tumeshazoea. Habari zangu zilipotoka, jumuiya ilikuja kusali kwangu zamu yangu ilipofika, wakasali vizuri sana, ila chai hakuna aliyegusa. Huyu kafunga, yule tumbo, mwingine anawahi ng'ombe. Nikabaki na birika na vikombe kumi na vinne.

Bibi mmoja, Mbena wa makamo ya marehemu mama yangu, alikuwa bado anavaa viatu mlangoni. Akavivua tena. Akarudi, akanywa kikombe, akaomba cha pili, akaniuliza kama kuna kiazi kilichobaki. Nikakaa naye hadi giza, tukiongea habari za mahindi na mbolea. Dawa zangu hakuziulizia, na hilo ndilo nililolipenda.

Bahasha
Nyie mnalia hamkukaribishwa. Mimi Iringa mjini nilikaribishwa siku ya kwanza nikatoka na bahasha ya ahadi ya ujenzi, namba ya jumuiya na nafasi kwenye kamati ya chakula. Sijarudi.

Mgeni wa Mwanjelwa
Bahasha, umenichekesha, ila rudi bwana, kamati ya chakula si haba. Dada Ndaga Fijo, mtoto ana miaka mingapi sasa?

Ndaga Fijo
Saba. Anataka kujifunza kinanda. Nimemwambia aanze na ngoma.