Naomba ushauri: watoto ambao wazazi hawajachangia chakula cha shule tuwafanyeje?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, wilayani Kongwa, Dodoma. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini chakula cha mchana bado kinategemea michango yetu wazazi. Tulikubaliana kila mtoto aletewe debe la mahindi na maharage kidogo baada ya mavuno.

Mwaka huu mvua zilikatika mapema, wengi hawajatoa. Makande yakiiva, waliochangiwa wanapanga foleni na bakuli zao, wengine wanaambiwa wakacheze nyuma ya madarasa. Kuna binti wa darasa la pili husimama karibu na sufuria mpaka mpishi amkwangulie ukoko. Inaniuma sana. Mtoto hajala tangu jana usiku, hesabu za mchana ataziwezaje?

Wajumbe wengine wanasema tukiwapa wote, hata waliotoa wataacha. Hofu yao naielewa, ila kumwadhibu mtoto kwa njaa sikubali.

Waliovuka hili kwao, mlifanyaje? Nawaza asiye na debe achangie kuni, maji au siku za kulima shamba la shule.

Halafu mahindi yamewekwa sakafuni na mengine yameota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka huohuo wa 2016, kwa hiyo naomba pia anayejua pa kuyapima anielekeze. Kikao chetu ni Jumamosi.