Naomba ushauri: kodi ya klaenti inafuta ukaguzi wangu kila nikisasisha

Kitunguu Saumu (mleta uzi): Wakuu, salaam. Niko Mbeya mjini, nimeandikia ushirika mmoja wa kahawa programu ya kupokea mizigo kwa lugha ya C#. Namba ya NIDA ya mkulima na kilo zake zinatumwa kwenye huduma ya wavuti ya mnunuzi. Kodi (maandishi ya programu) ya kuongea na huduma hiyo Visual Studio ninayoandikia inaizalisha yenyewe kutoka kwenye WSDL, faili linaloeleza huduma inavyoitwa. Nataka data ikaguliwe kabla haijatoka: NIDA itimie tarakimu 20, mzigo usizidi kilo 500. Sasa ukaguzi wangu unapotea. Leo mara ya tatu. Silali.

Mama Uyole: Kodi ya nyumba? Mie mwenye nyumba alitaka miezi 6 kwa mkupuo, nikahama usiku na masufuria kichwani. Pole mdogo wangu.

Fundi Jacaranda: Ukaguzi umeuandika wapi?

Kitunguu Saumu: Humohumo kwenye programu.

Fundi Jacaranda: Faili gani? Litaje.

Kitunguu Saumu: Haya, Reference.cs. Ndani ya "set", pale thamani inapowekwa. Lakini data si inapitia pale? Na nimeshapata njia: nakala iko kwenye flashi, nikisasisha nabandika upya. Dakika kumi.

Fundi Jacaranda: Juu kabisa ya faili hilo pameandikwa kwamba limetengenezwa na chombo na mabadiliko yako yatapotea. Hukusoma? Klasi zile za humo ni "partial", yaani klasi moja inaweza kugawanywa kwenye mafaili mawili, C# inayo tangu 2005. Fungua faili lako pembeni, jina la klasi lilelile, neimspesi (kundi la majina) ileile, andika Kagua() humo. Ukisasisha haliguswi. Ukiogopa kusahau kuiita, WCF, maktaba ya Microsoft ya kuongea na huduma za wavuti, ina IParameterInspector, BeforeCall yake inapita kabla ya kila ombi.

Mnyalu Halisi: Kamwene. Vijana mnataka mashine iwaandikie halafu mnalia. Mafinga tulipima mbao kwa daftari la kaunta, karani anasoma kwa sauti mara mbili, mwenye mzigo amesimama pale. Nani alipoteza ubao?

Kitunguu Saumu: Partial naijua mkuu. Ila kwenye "set" karani anakataliwa palepale anapoingiza.

Fundi Jacaranda: "Set" hiyohiyo inaitwa jibu la huduma linaposomwa. Ikirudi rekodi ya zamani yenye kasoro, programu inaanguka mbele ya wakulima.

Kitunguu Saumu: Kuanguka ilishaanguka, nikazoea.

Binti Mwanjelwa: Kaka, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya faili. Sema yote.

Kitunguu Saumu: Jumatatu nilisasisha, nikasahau flashi nyumbani. Kilo 48 zikaenda 4800. Zikalipwa. Mkulima mwenyewe ni baba mkwe wangu, na hapokei simu.

Kiporo cha Jana: Kilo 4800 mtu mmoja, mnunuzi asishtuke? Hii chai, tena imechumwa Tukuyu leo asubuhi. Halafu wewe si ndiye mwezi jana ulifungua uzi unalima parachichi Njombe?

Kitunguu Saumu: Parachichi ni za shemeji.

Mnyalu Halisi: Baba mkwe, shemeji. Wewe huna chako?

Fundi Jacaranda: Mimi nimeandika aya nzima ya BeforeCall kwa mtu wa parachichi.

Mama Uyole: Hiyo Hass ya shemeji kilo anatoa bei gani? Nina gari linashuka Alhamisi.

Kitunguu Saumu: Njoo inbox mama.