Nimefika mlangoni mara mbili nikageuza: ndani ya kikundi cha walioacha pombe kukoje?

Siku_ya_11

Wakuu, leo siku ya 11 sijagusa pombe. Nimekunywa miaka 14, na miaka ya mwisho chupa ilikuwa inakaa kwenye boksi la vifaa vya kazi, chini ya misumeno. Aliyenisimamisha ni binti yangu wa miaka 7. Nilimwomba aniletee kikombe changu, nikamwona anakinusa kwanza ndipo akanipa. Hakusema neno.

Nimetafuta kikundi cha Alcoholics Anonymous, nikapata mahali na saa. Jumanne nilifika, nikasikia watu ndani wanacheka, nikageuza. Alhamisi nilirudi, nikashika kitasa, nikageuza tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio, kicheko kikanivunja nguvu. Nitalazimishwa kusimama niseme? Nikikuta mtu anayenijua je? Halafu nasikia kuna mambo ya Mungu, nami si mtu wa ibada. Naomba anayejua anieleze ukweli.

Kiti_cha_Nyuma

Ndugu yangu, hongera kwa hizo siku 11. Mimi nina miaka 9 bila pombe, na bado naenda kila wiki.

Mkutano huchukua saa moja, au moja na nusu. Anayeuongoza ni mlevi kama mimi na wewe, hakuna mtaalamu mbele. Kunasomwa kidogo, kisha huulizwa kama kuna mgeni. Taja jina la kwanza tu, au sema "leo nasikiliza", inatosha. Mmoja akisema wengine wananyamaza: hakuna wa kumkatiza wala kumhukumu. Hakuna fomu wala ada. Kuna kachombo ka mchango kanapitishwa, wewe mgeni kapitishe tu. Sharti ni moja, uwe na nia ya kuacha kunywa. Ila uliza kwanza kama mkutano ni wa wazi au wa ndani: wa wazi anaingia yeyote, hata ndugu wa kukusindikiza, wa ndani ni wa wenye tatizo peke yao.

Kile kicheko nakielewa. Siku yangu ya kwanza kusema, nilieleza nilivyokuwa nafukia chupa bustanini usiku. Nilidhani watanishangaa. Wakacheka, na mama mmoja mzee machozi yakamtoka huku anacheka, kwa sababu na yeye alikuwa anazificha kwenye kapu la nguo chafu. Nilikuwa nimebeba aibu ile miaka 6 nikidhani ni yangu peke yangu.

Ukikuta anayekujua, jua na yeye kaletwa na lililokuleta. Yanayosemwa mle hayatoki. Siwezi kumwapia kila mtu, lakini mimi sijawahi kusalitiwa. Kuhusu Mungu, ni kweli hatua 12, yaani mwongozo wa kikundi hiki wa kuacha pombe, zinamtaja, ila kila mmoja anaachiwa amwelewe kwa namna yake. Kuna wasioamini kabisa na wanakaa nasi. Ikikukwaza sana, kuna kikundi kingine, SMART Recovery, iliyoanza 1994. Wao hufuata mbinu za saikolojia, hawana habari za dini.

Nakusihi jambo moja: usitoke bila namba ya simu ya mtu. Mwaka 1935 Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wetu, alikuwa hotelini mjini Akron, Marekani, biashara imemharibikia, baa iko hatua chache. Alikuwa na miezi kama mitano tu bila pombe. Akaenda kwenye simu, akapiga huku na huku akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, mpaka akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Kikundi chote hiki kilianzia kwenye ile simu. Kwa hiyo ukipewa namba, ipige siku ambayo huna shida, ili siku ya shida mkono uwe umeshazoea.

Nesi_wa_Zamu

Kaka, wewe zile siku za hatari zaidi umeshazivuka, lakini nawasemesha wanaosoma kimyakimya. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za kwanza, na kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Hali hiyo inaua. Anza hospitali, halafu kikundi. Na usiambiwe uchague kimoja: dawa za kusaidia kuacha pombe, kama naltrexone na acamprosate, zipo, muulize daktari. Kikundi nacho si maneno matupu. Mwaka 2020 Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona njia ya hatua 12, ikifundishwa kwa utaratibu maalumu, inasaidia watu kuacha kabisa sawa na tiba nyingine za kisaikolojia, au kuzizidi.

Mke_Mvumilivu

Shemeji, kikundi cha kwanza kisipokukaa, usiseme vyote viko hivyo. Mume wangu alitulia kwenye cha tatu. Na mkeo, kama yupo, mwambie kuna Al-Anon, tangu 1951, kikundi cha sisi tunaoishi na walevi. Mimi nilikuwa nahesabu chupa mpaka ndotoni. Kule ndiko nilikojifunza kulala.

Siku_ya_11

Nimerudi kuwapa habari. Jana niliingia. Nilikaa karibu na mlango, nikasema jina na "nasikiliza". Nilitetemeka mikono mwanzo mpaka mwisho na hakuna aliyeniangalia vibaya. Mzee aliyekaa kando yangu aliniandikia namba yake kwenye kipande cha karatasi.

Leo mchana nimeipiga. Sikuwa na hamu ya pombe, nilitaka tu kujua kama itapokelewa. Imepokelewa, mlio wa pili.