Naomba ushauri: gari dogo linakunywa mafuta na kuyumba

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, na miezi minne iliyopita nilinunua gari dogo la mtumba, otomatiki, cc 1300. Kwenda Mombasa na kurudi ni kama kilomita 240. Mwanzoni safari hiyo ilikula lita 17. Sasa ni 24, na mguu wangu mwepesi, wallahi.

Nimebadilisha plagi, oili na filta ya hewa, tofauti sikuiona. Kinachonitia shaka ni themostati (vali inayozuia maji ya kupoza yasizunguke mpaka injini ipate joto). Mwezi uliopita gari lilichemka, fundi akaing'oa akaitupa, ati joto letu la Pwani halihitaji kitu hicho. Tangu siku hiyo mshale wa joto haufiki katikati hata nikienda mwendo mrefu. Naambiwa injini ikibaki baridi, kompyuta yake huendelea kumimina petroli kama ndiyo kwanza imewashwa. Nirudishe themostati kwanza, au nipime sensa ya oksijeni (ile ya kwenye ekzosi inayoiambia kompyuta petroli imezidi au imepungua)?

La pili ni kuyumba. Mwenye gari wa kwanza alilivisha matairi ya upana wa milimita 195 badala ya 175 yaliyoandikwa mlangoni (urembo tu, nadhani). Nikifika 80 baada ya Gede, basi likinipita nang'ang'ania usukani kama nahodha msimu wa kusi. Upepo wa matairi uko sawa, lakini la mbele kushoto limelika upande wa ndani. Je, nikifanya alaimenti (kunyoosha mkao wa magurudumu) kabla ya kubadilisha bushi (mipira ya viungo vya chini) na shokomzoba, si nitatupa pesa?