MREJESHO: Wazee kudondoka wakati wa kuhamishwa wodi

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tatu niliuliza hapa tufanyeje, wagonjwa wetu wawili wazee walidondoka wakitolewa mapokezi ya dharura kupelekwa wodini na mmoja akavunjika nyonga. Niliahidi kurudi, nimerudi.

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Tulichofuata ni ule ushauri mlionipa wa kutomnyanyua mzee ghafla, anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa chini, tunapima presha, akisimama tunapima tena ndani ya dakika 3, ile namba ya juu ya presha ikishuka 20 au zaidi basi hatembei, anaenda na machela. Kuna bibi wa miaka 81 alikuwa ananiambia "mjukuu wangu mie mzima", kupima imetoka 138 hadi 104, nikaishiwa nguvu kuwaza angepiga ile hatua. Breki za viti vya magurudumu nazo tunakagua kabla, viwili tulikuta hazishiki kabisa tukavitoa.

Miezi minne sasa hajadondoka mtu njiani. Ila mzee mmoja aliteleza chooni usiku, nusu saa tu baada ya kufika wodini, nesi aliyempokea hakuambiwa kuwa ana kizunguzungu. Hakuumia ila iliniuma mno. Ile karatasi ya makabidhiano, ya kumwandikia nesi wa wodini hali ya mgonjwa, usiku haijazwi, tuko wachache, kwa hiyo sasa tunaambiana kwa mdomo palepale kitandani na ndugu yake akiwa anasikia. Dada uliyesema ndugu wahusishwe, ulikuwa sahihi kabisa.