Nina wito wa mahakama, deni la benki na mali kauli. Nitangaze kufilisika?

MamaMisumari: Habari za jioni wadau. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, mwaka wa tisa sasa. Ijumaa nilikuwa napima misumari kilo mbili, akaja kijana na bahasha ya kaki, "saini hapa mama". Nikasaini bila kusoma, mteja anasubiri. Kufungua, ni wito wa Mahakama ya Wilaya. Anayenisambazia saruji na mabati ananidai milioni 27.

Simkatalii. Mali nilichukua kweli, kwa mali kauli, yaani nachukua mzigo na kulipa nikishauza, kama tulivyozoeana. Ila mafundi wawili niliowapa mzigo hawajanilipa, na mmoja simu haipatikani tena. Juu ya hapo kuna mkopo wa benki, umebaki milioni 41, dhamana ni nyumba tunayoishi, na mume wangu alisaini kuridhia. Miezi mitatu sijapeleka rejesho. Nikakopa na kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, ili niitulize benki, hapo ndipo nilipojimaliza. Daftari la madeni nimelifukia kwenye ndoo ya mchele watoto wasilione.

Duka nimelisajili BRELA, kwa wasajili wa biashara, kama jina la biashara tu, siyo kampuni. Nimeambiwa niende Mahakama Kuu nitangaze kufilisika, kesi zote zife. Nitafungwa? Nyumba itaondoka?

KakaPasua: Pole sana dada. Kama una kiwanja, kiandikishe kwa jina la mdogo wako mapema kabla hawajakifikia.

Shemeji_wa_Majengo: Hapana, kaka, hapo unampoteza. Nimefanya kazi kwa wakili miaka kadhaa. Ukihamisha mali ukiwa unadaiwa, au ukimlipa mmoja kwa upendeleo halafu ukaomba kufilisika, mahakama inaweza kurudisha hiyo mali, na wewe utaonekana mdanganyifu.

Dada, la kwanza ni ule wito. Una siku 21 tangu uupokee kupeleka utetezi wa maandishi. Hesabu kuanzia Ijumaa. Hata kama deni ni la kweli, jibu, na uangalie hesabu yao: kuna malipo uliyofanya hawajayaandika? Ukinyamaza, hukumu inatoka upande mmoja.

Kwa kuwa ni jina la biashara, deni la duka ni lako wewe mwenyewe. Lakini nyumba mnayoishi msambazaji hawezi kuikamata kukazia hukumu, yaani ili alipwe alichoshinda mahakamani, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inailinda. Benki ni habari nyingine, maana mliiweka rehani. Kufilisika nako hakuiondoi rehani, na hilo aliyekushauri hakukwambia. Ila benki lazima ikupe notisi ya siku 60 kwanza. Nenda kabla haijaja, omba wapange upya marejesho.

Kifungo cha madai kipo, hakizidi miezi sita, anayekudai ndiye anayelipia chakula chako, na ukitoka deni bado lipo. Hakimu atakuita kwanza ujieleze.

Mangi_Spea: Mimi nilishtakiwa kwa deni la spea nikajificha. Sikwenda hata siku moja. Dalali wa mahakama alikuja asubuhi na kirikuu akabeba kompresa, mitungi, mpaka meza ya kaunta, wanangu wakitazama. Nilichokuja kugundua, yule mzee aliyenidai alikuwa tayari kupokea kidogo kidogo tangu mwanzo. Dada yangu, beba daftari uende kwake wewe na mume wako. Mkikubaliana, andikeni, mkasajili mahakamani, iwe ndiyo hukumu yenyewe.

Shemeji_wa_Majengo: Mangi kasema kweli. Kufilisika weka mwisho. Maombi yanakwenda Mahakama Kuu, mali zinashikwa na Kabidhi Wasihi, ofisa wa serikali anayesimamia mali za waliofilisika, na mpaka uondolewe hali hiyo hukopi ovyo. Usipomudu wakili, tafuta msaidizi wa kisheria, huduma hiyo haina malipo kwa asiye na uwezo, kuna sheria yake ya mwaka 2017.

Na kausha damu umesaini nini? Usiwape kadi ya benki.

MamaMisumari: Kadi wanayo tayari. Kesho naanzia benki kuizuia. Daftari nimelitoa kwenye mchele, mume wangu analisoma hapa mezani, amefika ukurasa wa tatu na hajasema neno. Jumatatu tunakwenda wote kwa msambazaji. Nitarudi kuwaambia.