MREJESHO: Pembe nyeusi nikitumia filta ya ND kwenye lenzi ya f/1.8

Wakuu, habari za majukumu. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini picha zangu za Jiwe la Bismarck (lile la ziwani Mwanza) zinatoka na pembe nyeusi kila nikifunga filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) kwenye lenzi ya milimita 24. Nimerudi kutoa mrejesho.

Aliyeniambia nipige kwanza bila filta kabisa, Mungu ambariki. Jana jioni nilisimama ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga nikafanya hivyo. Kwa f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, pembe zilikuwa na kiza hata bila filta! Nilipopunguza tundu hadi f/4 kiza kikaisha. Kumbe sehemu ya tatizo ni lenzi yenyewe ikiwa wazi kabisa.

Lakini weusi ule mkali wa kwenye kona ulibaki hata kwa f/8 nikiwa na filta. Huo ulitoka kwenye filta: nilikuwa nimepandisha ND juu ya filta ya UV (kioo cheupe cha kukinga lenzi), fremu mbili za filta zikaingia kwenye picha. Nimeitoa UV, nikaazima ND pana zaidi, ya milimita 82, na ringi ya kuifungia kwenye lenzi yangu yenye mdomo wa milimita 67. Kona safi, na maji ya ziwa yamelainika kama maziwa kwa sekunde 30.

Hasara ni moja: hudi ya lenzi (kile kikinga jua cha mbele) haiingii tena, kwa hiyo jua likiwa la pembeni nakinga kwa kofia.

Waliosema ninunue lenzi nyingine, hapana, hii nabaki nayo. Asanteni sana.